Uso wa Saa ya Baba

Baba yangu ana saa moja tu ya mkononi. Mimi ninazo tisa, zote za wazamiaji, zote za springi, zisizojua betri ni kitu gani, na hakuna hata moja iliyowahi kuingia kwenye maji mengi kuliko ya beseni la kufulia. Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Watu wakiniuliza mtu asiyejua kuogelea anataka nini na saa inayostahimili kina cha mita mia sita, huwauliza na wao zile sahani za wageni walizofungia kabatini wanamsubiri mgeni gani. Wakiendelea kuuliza, napandisha sauti.

Kazi yangu ni kupima macho. Nina duka la miwani lenye kiti kimoja kirefu, chati ya herufi ukutani, na mashine ya kupima presha ya macho ambayo naifunika kitambaa kila jioni kama mtoto. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu. Niliponunua saa ya kwanza alinuna, ya pili akapiga hesabu, ya tatu akakata tamaa. Siku hizi akikuta kiboksi mlangoni anauliza tu, "Huyu wa ngapi?" utadhani tunaongelea watoto.

Mwenzangu katika ugonjwa huu ni Zege. Jina hilo la utani limetokana na kazi yake. Ni mkandarasi wa majengo, mwanamke wa miraba minne, na akifika kazini vibarua wote hukumbuka ghafla walichokuwa wanatakiwa kufanya. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi anakuja kwangu na mkoba wake wa saa. Tunatandika kitambaa cheusi kwenye meza ya chakula, tunazipanga zake na zangu, tunaanza ubishi.

Ubishi wetu mkubwa ni wa pete. Saa ya kuzamia ina pete ya nje yenye namba, na mzamiaji huizungusha mpaka nukta yake ielekeane na mshale wa dakika, ili ajue tangu ashuke umepita muda gani. Pete ya saa ya bluu ya Zege inalia mara mia moja na ishirini kwa mzunguko mmoja, laini kama zipu ya suti. Ya kwangu ya kijani inalia mara sitini, lakini kila mlio unausikia mpaka kwenye fizi. Zote zinazunguka upande mmoja tu. Hata ikigongwa na jiwe huko chini, pete inaweza kukwambia umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa, lakini haiwezi kukudanganya kwamba bado una hewa. Mimi hapo ndipo nilipopendea saa hizi. Kifaa kikikosea, kinakosea kwa kukuokoa.

Tukimaliza pete, tunaingia stoo ya chakula, tunafunga mlango na kuzima taa, ili tuone ni ya nani inayong'aa zaidi gizani. Wanawake wawili wazima, katikati ya gunia la unga na ndoo ya sukari, tunakodoa macho. Mume wangu akipita lazima agonge. "Mmefika kina gani humo?" Utani huo ana miaka saba nao na hauchakai.

Sasa, saa ya Baba. Baba alikuwa mzamiaji kwenye bwawa la umeme. Alikuwa akishuka kukagua milango ya chuma na kukata magogo yaliyonasa, kwenye maji ambayo, kwa maelezo yake, ukinyoosha mkono huvioni vidole. Wiki yake ya kwanza kazini alipewa saa, na ameivaa miaka arobaini na sita. Wakati ule ilikuwa kifaa cha kazi tu, kama koleo. Leo wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi. Uso wake uliokuwa mweusi umepigwa na jua mpaka ukawa kahawia ya tumbaku. Pete imefifia ikawa rangi ya majivu. Nukta na mishale, iliyokuwa ikiwaka gizani, imekuwa rangi ya chai ya maziwa na haiwaki tena hata kwa dawa. Zege akiishika hushusha sauti. "Kiwandani hawawezi kutengeneza rangi hii," huniambia. "Hii inatengenezwa na miaka. Mtu akija kuipaka upya, ameiua." Nami nilikuwa naitikia kwa kichwa, kwa sababu Baba alishasema ataniachia mimi. Nitasema ukweli: nilikuwa naisubiri. Sikuwa nasubiri Baba aondoke, la hasha, ila saa nilikuwa naisubiri.

Baba anaishi nasi, kwenye chumba kinachotazama uani. Ana presha ya macho. Mimi ndiye niliyeigundua, nikampeleka kwa daktari bingwa, na kila miezi mitatu nampima mwenyewe. Ugonjwa huu hauumi. Unamega macho kuanzia pembeni, kimyakimya, na kilichomegwa hakirudi. Dawa ni matone, chupa mbili, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Unaanza na yenye kifuniko cha njano, unasubiri dakika kumi, ndipo unatia ya bluu. Ukiharakisha, tone la pili linaliosha la kwanza. Nilimwambia apimie kwa pete ya saa yake, akafurahi sana. "Kumbe nazamia tena," alisema.

Jumapili moja mimi na Zege tuko katikati ya ubishi, Baba akatoka chumbani, akaivua saa na kuiweka juu ya kitambaa chetu cheusi. Mkononi kwake palibaki alama nyeupe ya mkanda.

"Mama," alisema. Ananiita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Hii saa imekuwa kama maji ya tope. Ipeleke kwa fundi aipake rangi. Nataka niione nukta."

Zege alishika meza. "Baba! Hiyo rangi ndiyo saa yenyewe!"

"Saa yenyewe, binti yangu, ni ile inayoniambia saa ngapi."

"Sawa, Baba," nilisema mimi. "Nitaipeleka."

Nikampa ile yangu ya kijani aivae wakati anasubiri, saa ambayo mtu mwingine akiigusa natokwa jasho. Siku ya pili alinirudishia. Alisema ni nzito mno, akilala nayo anaota amefungwa pingu.

Fundi wetu wa saa tunamwita Kibano, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kibano mkononi, hata akinywa chai. Kiduka chake kiko chini ya ngazi za jengo la ofisi, upana wa mikono miwili. Aliifungua saa ya Baba, akaweka kilenzi jichoni, akaguna kwa heshima.

"Mashine nzima. Inataka kusafishwa na kutiwa mafuta tu. Na huu uso?"

"Usiuguse."

"Mishale je? Pete? Nina rangi nzuri ya kung'aa gizani."

"Kibano, nimesema usiguse. Mafuta, mpira mpya wa kuzuia maji, basi."

Alitoa kilenzi jichoni akanitazama. "Na mwenye saa amesemaje?"

"Mwenye saa ni baba yangu, na ninayekueleza ni mimi."

"Haya, dokta," alisema. Ananiita dokta akitaka kunichoma.

Baada ya wiki nilimrudishia Baba saa yake, inatembea vizuri kuliko zamani, kahawia vilevile. Nilikuwa nimeandaa uongo wangu njia nzima. "Fundi amesema rangi ya saa hizi za zamani haipatikani tena, Baba."

Baba aliigeuza mara moja, akaifunga mkononi. "Basi, hamna neno," alisema, na akaniuliza kama nimekula.

Nilikula, tena kwa hamu. Nilijiambia nimeokoa kitu cha thamani kwa ajili ya familia, na Zege aliponipigia simu nikamwambia mgonjwa amenusurika, tukacheka.

Ulipofika mwezi wa kumpima, nikamkalisha Baba kwenye kiti kirefu. Jicho la kulia presha ilikuwa ishirini na mbili. La kushoto, ishirini na sita. Mara ya mwisho yote yalikuwa kumi na sita. Nilirudia mara tatu, nikidhani mashine imeharibika.

"Baba, dawa unatia?"

"Natia."

"Kila siku? Zote mbili? Unasubiri dakika kumi?"

"Nasubiri, Mama."

Nikamfokea. Nilimfokea kama ninavyowafokea wateja wanaokalia miwani yao, nikamwambia macho si viatu kwamba yakiisha tutanunua mengine. Alinisikiliza akiwa ameshika kofia yake magotini, na njiani kurudi nyumbani alininunulia karanga.

Kesho yake niliamka mapema. Sikwenda kumpeleleza, nilikwenda kumpelekea chai, lakini mlango ulikuwa wazi kidogo nikasimama. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alitia tone la njano, jicho la kulia, la kushoto. Halafu akanyanyua mkono, akaisogeza saa karibu na pua. Akaigeuzia dirishani. Akainuka, akaiweka chini ya taa, akaiinamisha huku na huku kama mtu anayetafuta mwiba kidoleni. Mwisho akaacha, akakaa tena, akafumba macho. Akaanza kuvuta pumzi polepole, na kila pumzi anakunja kidole.

Nilielewa anachofanya, kwa sababu alinisimulia nikiwa mdogo. Kwenye maji yale meusi ya bwawani, saa ikifunikwa na tope, walikuwa wakipima muda kwa pumzi. Pumzi zake zilikuwa kumi kwa dakika, hazizidi hazipungui. Alikuwa akitafuta pumzi mia moja. Alifika kama arobaini hivi, kichwa kikamwinamia kifuani, akapitiwa na usingizi. Chupa ya kifuniko cha bluu ilikuwa mkononi mwake haijafunguliwa.

Nilirudi jikoni na chai yangu. Kwenye droo yangu dukani nina kadi ya herufi zinazofifia. Mstari wa kwanza mweusi, wa pili kijivu, na wa mwisho ni kama mvuke kwenye kioo cha bafu. Nawapima nayo watu wenye presha ya macho, kwa sababu kinachowasumbua mapema ni vitu vya rangi zinazokaribiana, hata kama ni vikubwa. Kila siku nawaeleza watoto wao: mwekeeni kikombe cheupe juu ya meza nyeusi, pakeni ukingo wa ngazi rangi kali. Na baba yangu nilikuwa nimemrudishia mkononi kahawia juu ya kahawia, nikaiita hazina. Zile nukta nilizitazama miaka na miaka kwa kilenzi, na sikujiuliza hata mara moja kama yeye anaziona. Nilijichukia. Nililia pale kwenye sinki, na mume wangu alipoingia nikamwambia ni vitunguu, ingawa hapakuwa na kitunguu.

Baba alipoamka nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mbele yake. Nikamtilia tone la bluu mwenyewe, kisha nikamwambia yote. Nilimwambia rangi ilikuwepo. Nilimwambia nilimzuia fundi, na kwamba nilifanya hivyo kwa sababu niliitaka saa ibaki ilivyo mpaka ije kuwa yangu.

"Najua," alisema Baba.

"Unajua nini?"

"Kibano alinipigia simu siku ileile. Aliniuliza kama ni kweli sitaki kuona nukta." Alipangusa tone lililotelemka shavuni. "Nikamwambia afanye ulivyosema."

"Baba! Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuona unavyoitazama. Nikasema, mtoto ameipenda hivi, na itakuwa yake. Mimi nitahesabu pumzi, si nilizoea?" Akacheka kidogo. "Ila pumzi za uzee, Mama, haziaminiki. Sijui hata siku hizi zinakwenda ngapi."

Nilitaka kumfokea tena, safari hii kwa kunipenda vibaya. Badala yake nikamwambia avue saa. Alivua.

Nilimpitia Zege kazini kwake, nikamkuta juu ya jukwaa la mbao na kofia ngumu kichwani. Nilimweleza pale pale chini, nikipiga kelele kushinda mashine ya kuchanganyia zege. Alishuka taratibu. Nilijua atabisha, na kweli alifungua mdomo kubisha, akaangalia saa mkononi mwangu, akaufunga.

"Nakwenda nayo," alisema. "Siwezi kuiacha ikaenda peke yake."

Tukaenda watatu, mimi, Zege na saa, na Zege alikuwa na uso wa mtu anayesindikiza mgonjwa chumba cha upasuaji. Kibano alitutazama, akaitazama saa. Alitoa tu vichupa vyake vya rangi akavipanga, na nilijua ameshinda na anajizuia kucheka.

Nilikuwa nimekuja na kadi yangu ya herufi zinazofifia. Nilimwambia Kibano uso uwe mweusi tititi, usiong'aa, maana ukimetameta taa itamsumbua. Namba za pete nyeupe pe. Nukta inenepe, mara mbili ya ilivyokuwa. Mshale wa saa mweupe, lakini ule wa dakika uwe wa njano, tena njano ya kifuniko cha dawa, kwa sababu huo ndio anaoufuata. Alipaka rangi kwenye vipande vya bati kwanza. Nikavibandika karibu na kadi, nikamsimamisha Zege mlangoni, nikamwambia afumbe macho nusu.

"Unaona?"

"Naona nyeupe. Ile njano imekaa kama uji."

"Ongeza njano, Kibano."

Tulifanya hivyo karibu mchana mzima. Kibano alipoanza kuubandua ule uso wa kahawia, Zege aligeuka akatazama ngazi. Mimi sikugeuka. Niliumia, siwezi kusema sikuumia. Miaka arobaini na sita ya jua ilikuwa inatoka kwenye kitambaa chenye dawa, na Kibano akakitupa kwenye ndoo pamoja na maganda ya machungwa.

Rangi ilikauka usiku kucha, na Baba akaivaa kesho yake mchana. Aliinua mkono wake mbali kabisa, akaunyoosha mpaka kiwiko kikalia. "Saa nane na dakika ishirini na tatu," alisema. Alizunguka nyumba nzima siku hiyo akitutangazia saa. Kufikia jioni mume wangu aliniomba kama kuna uwezekano wa kuirudisha kahawia yake.

Mwezi uliofuata nilimpima. Kumi na sita kulia, kumi na saba kushoto. Kwenye jicho la kushoto, pembeni kabisa, kuna kisehemu kidogo kilichokwenda na hakitarudi. Nimekiandika kwenye faili lake kwa mkono wangu mwenyewe, na kila nikilifungua nakiona. Daktari bingwa anasema tukiendelea hivi kilichobaki kitamtosha Baba mpaka achoke yeye mwenyewe kutazama.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Zege alikuja kama kawaida. Tulibishana mpaka jioni, tukaingia stoo, akazima taa. Tukazipanga saa juu ya kifuniko cha ndoo ya sukari, zake zinang'aa bluu, zangu kijani, na tulikuwa tumeshaanza kurushiana maneno mlango ulipofunguliwa kidogo.

"Pana nafasi humu?" Baba aliuliza. Aliingia, akafunga mlango, akaunyoosha mkono katikati yetu.

Alikuwa ametoka kukaa chini ya taa ya barazani, na rangi ile ilikuwa bado changa. Ilituwakia usoni. Niliona vidole vya Zege, niliona mishono ya gunia la unga. Saa zetu zote pale kwenye ndoo zilionekana kama zimeishiwa.

"Ametupiga," Zege alisema kwa sauti yake ya chini. Kisha akaongeza, "Ametupiga vibaya."

"Saa kumi na mbili na dakika saba," alisema Baba. "Njano nimeshatia. Zimebaki tatu."

Hakuna aliyetoka. Mume wangu alipita, na kama ilivyo ada akagonga. "Mmefika kina gani humo?"

"Dakika saba," Baba alimjibu. "Usifungue, tunapanda tukifika kumi."

Tukasimama gizani tukiutazama mshale wa njano ukisogea. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia anavyopumua, na kwa mwanga wa saa yake nikaanza kumhesabia, dakika moja kamili. Zilikuwa pumzi kumi na nne. Nikaziweka kichwani nije kumwambia, asije siku moja akatumia zile kumi za zamani. Nilikuwa bado nazikariri Baba aliposema, "Sasa," kabla yangu, na nilipotazama pete, kweli mshale ulikuwa umefika kwenye kumi. Akasukuma mlango, akainua uso kwenye mwanga wa jikoni, na akatia tone la bluu mwenyewe, bila kumwuliza mtu.